Wadadisi Wakibisha Hodi: Maswali ya Wenyeji wa Mtwara na Lindi kuhusu Tafiti za Afya ya Mama na Mtoto

Kila baada ya miaka michache, vijijini kwetu huonekana wageni wenye mabegi, vishikwambi na ubao mrefu wa kupimia watoto. Wanapita Kilwa, wanapita Liwale, wanafika hadi Nanyumbu mpakani. Nimefanya kazi ya udadisi, yaani kuhoji kaya kwa ajili ya utafiti, katika mikoa hii miwili, na maswali yaliyo hapa chini ndiyo niliyoulizwa zaidi: mengine mlangoni, mengine kisimani, mengine nikiwa nimeshafunga begi naaga. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu uso kwa uso.

Sensa si ilishapita? Hawa wanatafuta nini tena?

Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilihesabu kila mtu. Ndiyo iliyotuambia kwamba Mtwara ina watu 1,634,947 na Lindi 1,194,028. Lakini karani wa sensa hana muda wa kukaa na mama mmoja saa nzima akimuuliza alijifungulia wapi, mtoto alichanjwa nini, au alinyonya hadi lini. Kazi hiyo ni ya utafiti wa kaya.

Mkubwa kati ya tafiti hizo hapa nchini ni Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria. Hufanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, wakishirikiana na wizara za afya. Wa kwanza ulifanyika mwaka 1991-92, na ule wa 2022 ndio ninaoutumia zaidi kwa mifano hapa. Duniani upo pia mpango wa UNICEF wa tafiti za namna hii, ulioanza katikati ya miaka ya 1990, na maswali yake yanafanana na haya kwa sehemu kubwa.

Kwa nini nyumba yangu, na jirani mmemruka?

Hakuna aliyekuchagua kwa sura wala kwa chama. Kwanza huchaguliwa maeneo ya kuhesabia watu, yale yale yaliyochorwa kwa ajili ya sensa. Mwaka 2022 yalichaguliwa 629 nchi nzima. Kisha timu hupita katika kila eneo ikiorodhesha kaya zote, na kutoka kwenye orodha hiyo huchukuliwa kaya 26 kwa bahati nasibu.

Mkulima wa korosho hahitaji kuelezwa sana. Ghalani hawapasui korosho zote za msimu. Wanachota kidogo kutoka magunia mbalimbali, wanapasua, na daraja linajulikana. Kinachoharibu kipimo ni kuchagua gunia unalolipenda. Ndiyo maana mdadisi akikukosa nyumbani hapeleki maswali yako kwa jirani, hata jirani awe amekaa barazani anasubiri kwa hamu. Atarudi kukutafuta, siku nyingine na saa nyingine. Kaya ambayo watu wake wanashinda shamba kuanzia alfajiri ina maisha tofauti na kaya ambayo watu wake wapo nyumbani saa nne asubuhi. Tukizibadilisha, tutakuwa tumeandika habari za watu wanaopatikana kirahisi tu.

Zahanati ina vitabu vyote. Kwa nini msinakili huko?

Swali hili nalipenda, kwa sababu ndilo linalobeba sababu ya kazi yote. Kitabu cha zahanati kinamjua aliyefika. Mama aliyejifungulia njiani kutoka Nahukahuka, mtoto aliyefariki siku ya pili kabla hajapewa jina, binti aliyeficha mimba hadi ikatoka, hao kitabu hakiwajui. Na mara nyingi hao ndio walioumia zaidi. Ukitaka kuwapata huna budi kwenda mlangoni kwao.

Mikoa yetu ina mfano wake. Mwaka 2007, watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Afya ya Ifakara walipita kaya kwa kaya katika wilaya tano za Lindi na Mtwara. Hawakuchukua sampuli, walikwenda kila kaya. Taarifa za kaya zipatazo 226,000 zilichambuliwa baadaye ili kuona uhusiano kati ya vifo vya akina mama na umbali wa hospitali. Ikaonekana kwamba wanawake wanaoishi mbali na hospitali, hasa zaidi ya kilomita 35, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa matatizo ya moja kwa moja ya uzazi, kama kutoka damu, kuliko walioishi karibu. Mtu anaweza kusema, hilo kila bibi kijijini analijua. Kweli analijua. Lakini bajeti ya gari la wagonjwa au ya chumba cha upasuaji haipangwi kwa neno la bibi peke yake. Hupangwa kwa karatasi yenye namba, na namba ile ilitokana na watu waliokubali kufungua milango yao.

Mnaposema "kaya" mnamhesabu nani?

Wale wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kwenye karatasi ni jambo jepesi, kwetu kusini lina mikunjo yake.

Mume mwenye wake wawili, kila mke na jiko lake: hizo ni kaya mbili, na yeye huandikwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya mahojiano. Mjukuu aliyeachwa kwa bibi Mikindani wakati mama yake anauza vitenge Dar es Salaam: ni wa kaya ya bibi. Familia iliyohamia kibandani shambani kulinda mahindi dhidi ya nguruwe na nyani: hiyo ndiyo inayotusumbua kuliko zote, kwa sababu nyumba ya kijijini tunaikuta ina komeo, na mwenyekiti wa kitongoji anatuonyesha upande tu kwa mkono.

Na kuhusu mkuu wa kaya. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua wanajua ukoo kwa upande wa mama, na nyumba nyingi huongozwa na mwanamke. Mama, kama wewe ndiye unayeamua hapo nyumbani, sema ni wewe. Usimtaje kaka yako aliyeko Masasi kwa sababu tu mgeni amekuja na kalamu.

Kwa nini mnaniuliza watoto waliokufa? Mnanitonesha kidonda.

Tunajua. Mdadisi aliyefundwa vizuri huliuliza swali hili taratibu, na akiona machozi ananyamaza, anasubiri, hata kama ana kaya nyingine nne za kumaliza kabla jua halijazama.

Huulizwa kwa sababu kiwango cha vifo vya watoto hakipatikani kwa njia nyingine iliyo sahihi. Watoto wengi huzaliwa na kufa bila kusajiliwa popote. Ukiorodhesha watoto wote uliowazaa, walio hai na waliotangulia, na umri walioufikia, majibu yako yakiunganishwa na ya wanawake wengine ndipo taifa linajua. Utafiti wa 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 67 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulionyesha 43. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini ukitazama vichanga wa chini ya mwezi mmoja, waliofariki walikuwa 25 na mwaka 2022 wakawa 24, karibu palepale. Hapo ndipo pana kazi: saa za uchungu, siku za kwanza, joto la mtoto, pumzi ya kwanza. Tusingejua kwamba tatizo limebaki pale kama akina mama wangewaacha nje ya hesabu watoto walioishi siku mbili.

Nasisitiza jambo hili: mtoto aliyelia hata mara moja kisha akafariki alizaliwa hai. Mtaje. Wazee wengine husema huyo hahesabiwi. Kwenye dodoso anahesabiwa.

Sawa, wanangu nimewataja. Dada zangu wanahusika vipi?

Kifo cha uzazi, tushukuru, hakitokei katika kila nyumba, hivyo hata ukihoji maelfu ya kaya utakutana na vifo vichache. Na aliyekufa hawezi kuhojiwa. Kwa hiyo mdadisi anakuuliza kuhusu watoto wote wa tumbo la mama yako: yupi yu hai, yupi amefariki, na kama ni dada, je, alikuwa mjamzito, alikuwa anajifungua, au alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Mwanamke mmoja anawasemea dada zake wote.

Kwa njia hiyo ndiyo makadirio ya vifo vya uzazi yalitoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022. Namba hizi zina upana mkubwa wa makosa kwa sababu vifo vyenyewe vilivyotajwa ni vichache, basi usizisome kama hesabu ya dukani. Mwelekeo wake ndio wa kuzingatia.

Mimi sijasoma, miaka sikumbuki. Nitajibu vipi?

Usiogope. Timu huja na kalenda ya matukio, na kwetu matukio hayakosekani. Mtoto alizaliwa kabla au baada ya mzee Mkapa kufariki, Julai 2020? Ulikuwa na mimba wakati wa kimbunga Kenneth, Aprili 2019, watu wa Mtwara walipoambiwa wahame mabondeni? Ulikuwa unanyonyesha barabara ya Kilwa ilipokatika kwa mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024? Kwa wakubwa zaidi tunarudi hadi vurugu za gesi za 2013 au kufunguliwa kwa Daraja la Mkapa pale Rufiji, 2003. Ndani ya mwaka tunatumia misimu: korosho zinaokotwa au mikorosho inapuliziwa dawa, mwezi wa Ramadhani, watoto walikuwa jandoni na unyagoni.

Ukiwa na kadi ya kliniki, ilete. Kadi iliyotafunwa na panya nayo ilete, tarehe moja inayosomeka inatosha kuokoa mambo mengi.

Damu mnayochukua mnaipeleka wapi?

Nimeulizwa hili kwa upole na nimeulizwa kwa ukali. Habari za mumiani ni za zamani sana pwani yetu, na mtu anayeogopa mgeni mwenye sindano simlaumu.

Ni matone machache kutoka kidoleni, na kwa mtoto mdogo sana huchukuliwa kisiginoni. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa wekundu wa damu na malaria. Wanawake wa miaka 15 hadi 49 hupimwa wekundu wa damu. Kipimo kinasomwa hapohapo mbele yako, si mbali na macho yako. Sindano inafunguliwa ukiiona na kutupwa kwenye kisanduku chake. Mtoto akikutwa na malaria, timu inampatia dawa mseto kwa kufuata mwongozo au kumpa rufaa akiwa na dalili kali. Akikutwa na upungufu mkali wa damu, unapewa barua ya rufaa. Barua hiyo si ya kutunza kabatini: ipeleke kituoni siku hiyohiyo kama inawezekana.

Unaweza kukubali mahojiano na kukataa kipimo. Unaweza kukubali kipimo kwako na kukikataa kwa mtoto. Virusi vya UKIMWI vina utafiti wake mwingine, wenye ridhaa yake na ushauri nasaha wake.

Huo ubao wa kumlaza mtoto unanitisha.

Wa chini ya miaka miwili hupimwa amelala, wakubwa zaidi wakiwa wamesimama. Urefu ukilinganishwa na umri huonyesha udumavu. Nchini mwaka 2022 asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, kutoka asilimia 34 katika utafiti uliotangulia. Udumavu hauonekani kwa macho, kwa sababu mtoto aliyedumaa anacheza na wenzake, naye haonekani mgonjwa, na kama watoto wote wa mtaa ni wafupi mama haoni tofauti. Shika miguu ya mtoto wewe mwenyewe wakati anapimwa. Akilia, mdadisi atasubiri atulie, maana mtoto anayejikunja hutoa kipimo cha uongo.

Mtoto alikula nini jana: ugali. Si inatosha?

Haitoshi, na hapa watu wengi hujidhulumu. Swali linataka kila kitu kilichoingia kinywani tangu jana asubuhi hadi usiku. Ugali wa muhogo, ndiyo, na mboga ilikuwa nini? Kisamvu kiliungwa kwa nazi au kwa karanga? Alipewa ming'oko mchana? Papai alilookota kwa shangazi yake? Dagaa wawili kutoka sahani ya kaka? Mbaazi? Mama wengi huona aibu kutaja ming'oko kwa sababu ni chakula cha porini. Kitaje. Picha ya chakula cha watoto wa kusini bila ming'oko, kunde na mbaazi ni picha ya mkoa mwingine.

Katika baadhi ya tafiti mdadisi huomba pia chumvi kidogo ya jikoni ili aipime kama ina madini joto. Kwetu tuna mashamba ya chumvi mwambao mzima, na chumvi ya kupimwa kwa kopo mara nyingi haijatiwa kitu.

Mume wangu anataka akae asikilize.

Wengi wana nia njema. Hata hivyo mahojiano ya mwanamke ni ya watu wawili, yeye na mdadisi, na mdadisi huyo ni mwanamke. Kuna maswali ya uzazi wa mpango, ya mimba zilizoharibika, na kwa mwanamke mmoja tu katika kaya iliyochaguliwa, maswali kuhusu kupigwa na kunyanyaswa. Hayo ya mwisho hayaulizwi kabisa kama hakuna faragha, na mtu akiingia ghafla mdadisi hubadilisha mazungumzo. Baba, ukiombwa usogee chini ya mwembe, sogea. Katika baadhi ya kaya wanaume wa miaka 15 hadi 49 nao wana dodoso lao, na mdadisi wa kiume atakukalisha peke yako vilevile.

Binti yangu ana miaka 16. Anahojiwa?

Ndiyo, kwa ridhaa ya mzazi au mlezi kwanza, kisha yake mwenyewe. Mwaka 2022 asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshawahi kupata mimba. Wazazi wengine hutaka binti aongezewe umri ili aonekane mwanamke kamili kwa kuwa ameshachezwa unyago, wengine humpunguzia ili aachwe. Mwacheni na umri wake.

Mnatazama paa, choo na redio. Ni kodi? Au ni TASAF?

Si kodi na si TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kusema huna kitu hakukuingizi kwenye orodha yoyote, na kusema una pikipiki hakukutoi. Mali za kaya huwekwa pamoja ili kugawa kaya zote nchini katika makundi matano, kutoka maskini zaidi hadi wenye uwezo zaidi, na kuona kama huduma zinawafikia wote sawa. Swali la maji lina uzito wa pekee kwa watu wa uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambako dumu moja linaweza kula nusu siku ya mwanamke. Taja muda wote: kwenda, foleni na kurudi.

Chandarua mdadisi ataomba akione. Kama kimegeuzwa uzio wa vifaranga, sema hivyo. Hakuna atakayekugombeza.

Majibu yangu yatajulikana kijijini?

Hapana. Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inakataza kutoa taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu. Mwenyekiti anayetusindikiza anaishia mlangoni. Majina hayaingii kwenye taarifa zinazotolewa kwa watafiti, na hata ramani za maeneo husogezwa makusudi, hadi kilomita kadhaa kwa vijijini, ili kitongoji kisitambulike. Ukimwona mdadisi anasimulia habari za nyumba ya jana, mripoti kwa msimamizi wake.

Tunafaidika nini? Wengine tunahojiwa na hakuna kinachokuja.

Malipo hakuna, na nasema wazi ili mtu asije akadai hapa ameahidiwa. Malalamiko ya pili yana haki. Watu wa kusini wametoa majibu mengi kwa watafiti wengi, na matokeo hurudi kwa nadra kijijini, tena kwa Kiingereza. Naona hilo ni deni, na halmashauri zinapaswa kuyasoma matokeo kwenye mikutano ya vijiji kama zinavyosoma mapato na matumizi.

Matokeo yenyewe yapo. Mwaka 2022 Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa malaria ya watoto, karibu mtoto mmoja katika kila watano waliopimwa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8. Hilo ni jambo la diwani kusimama nalo barazani akidai vyandarua na dawa. Wanaojifungulia katika vituo vya afya nchini walitoka asilimia 63 katika utafiti wa 2015-16 hadi 81 katika ule wa 2022.

Kwa nini hakuna takwimu za Liwale au Nanyumbu peke yake?

Sampuli ni ndogo. Ukigawa maeneo yale 629 kwa mikoa 31 unapata kama 20 kwa mkoa, yaani kaya mia tano hivi. Zinatosha kuusemea mkoa, si wilaya. Mtu akikuonyesha asilimia ya kata yako akidai imetoka kwenye utafiti huu, muulize ameitoa wapi.

Nani anagharamia?

Serikali na wafadhili. Kwa miongo mingi mpango wa kimataifa uliosaidia utafiti huu ulitegemea fedha za Marekani kupitia USAID, na mwaka 2025 fedha hizo zilisitishwa. Nchi isiyoweza kulipia kuwahesabu watoto wake itabaki kungoja mwingine aamue lini wahesabiwe, na hilo linanisumbua.

Nitamtambuaje mdadisi wa kweli?

Ana kitambulisho na barua, na ameshafika kwa mtendaji wa kijiji au mtaa kabla ya kufika kwako. Anakueleza utafiti ni wa nini na anakuomba ridhaa kabla ya swali la kwanza. Haombi namba ya siri ya simu, haombi hela, haahidi mkopo. Una ruhusa ya kukataa kabisa, kuruka swali, au kusema rudi jioni. Ukiwa na shaka, mwache asubiri uani, umtume mtoto kwa mtendaji akaulize.